Nyekundu Kando ya Bluu

Mama yake rafiki yangu alituma neno kutoka Bisil kwamba atakuja Kajiado siku ya shindano. Angekuja aone kwa macho yake ni kitu gani binti yake anafanya huku Kitengela, na akishaona ndipo aseme kama abaki shuleni kwetu au arudi nyumbani. Rafiki yangu alinipa habari hiyo tukiosha vyombo vya maabara, kwa sauti ya mtu anayesema kesho huenda mvua ikanyesha. Aliyeangusha bika ni mimi.

Tulikuwa kidato cha tatu. Yeye aliishi kwa mdogo wa mama yake, nyuma ya soko, na mume wa yule mama mdogo alikuwa amepata kazi upande wa Rongai. Muhula ukiisha, nyumba nzima ingehamia huko, Laiser Hill. Shule yetu ilikuwa na bweni dogo, lakini bweni lilitaka karo ya juu, na karo ya juu kwao ilimaanisha kuuza ng'ombe. Nyumbani kwao ng'ombe hauzwi kwa sababu msichana anapenda biolojia. Karibu na Bisil kulikuwa na shule ya kutwa ambayo haikuwa mbaya, ila maabara yake ilikuwa mlango ulioandikwa "Maabara" na ndani magunia ya mahindi.

Nilimtaka abaki, na sisemi ni kwa wema. Nina mdomo mkali tangu utotoni; jamaa zetu wa Machakos husema niliurithi kwa nyanya yangu pamoja na masikio. Darasani watu walikuwa wameshanichoka. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kunisikiliza nikifoka mpaka mwisho, akangoja nivute pumzi, kisha akaniuliza kama nimekula. Mtu wa namna hiyo hapatikani kila siku, na nilijua nikimpoteza nitamaliza shule nikiongea na ukuta.

Shindano lilikuwa la wanafunzi wa sekondari, na mwaka huo lilihusu protini na kuhariri jeni, yaani kukata na kubadilisha yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli. Kila timu ilichagua protini moja inayotumika katika kazi hiyo, ikatengeneza umbo lake kwa mikono, kisha ikajiandaa kwa maswali. Sisi tulichagua mkasi. Ndivyo tulivyoiita ile protini ya bakteria ambayo ukiionyesha mahali pa kukata, inakata hapo hapo. Protini nzima ilikuwa kubwa mno kwetu, tukachukua sehemu yake moja tu, ile yenye makali.

Mwalimu wetu wa biolojia, mama mwembamba aliyetembea haraka hata akiwa hana pa kwenda, alitufunza kwa maneno machache. Protini ni mnyororo. Unatungwa kipande kimoja kimoja kwa mpangilio wake, na ukishatungwa unajikunja wenyewe. Vipande vinavyochukia maji hukimbilia ndani, vinavyopenda maji hubaki nje. Mpangilio ukiharibika, umbo linaharibika. Umbo likiharibika, kazi haifanyiki. Alilirudia hilo mpaka tukawa tunalisema tukipanga foleni ya githeri.

Waandaaji walileta kanuni za rangi. Kinachochukia maji ni manjano. Kinachopenda maji ni nyeupe. Chenye asidi ni nyekundu, na chenye besi ni bluu. Tulisikia kwamba shule nyingine zinatumia mipira ya povu iliyopakwa rangi. Sisi tulikuwa na mtu wa Bisil, na mama yake alituma shanga ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, pamoja na bunda la ule waya mwembamba anaoutumia kutengeneza kola za shingoni. Zilikuwa shanga zake za biashara, za vitu alivyowauzia watalii wanaosimama njiani wakielekea Namanga. Alizitoa bila kuuliza ni za nini.

Wa tatu wetu alikuwa mvulana ambaye mama yake ana kibanda cha mitumba hapo Kitengela na siku nyingine hupeleka mzigo Ngong. Alikulia sokoni, ana sauti ya mnadani, kwa hiyo tulimpa kazi ya kusoma. Alishika karatasi ya mpangilio tuliyochapisha saiba, kwenye duka la kompyuta, akawa anaita rangi moja baada ya nyingine, na rafiki yangu akatunga. Ilikuwa raha kumtazama. Hakuhitaji kutafuta tundu la shanga. Waya ulipita kana kwamba shanga ndizo zilizokuwa zikiukimbilia. Alitunga huku akicheka vichekesho vya msomaji wetu, huku akitazama nje, huku akinisahihisha Kiswahili changu. Kazi niliyodhani ingechukua wiki mbili ikaisha mapema, nikaamini kwamba tumeshashinda.

Kukunja ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kuna mahali mnyororo unajisokota, na hapo nilitakiwa niuzungushe kwenye kalamu, taratibu, ili shanga za manjano zote ziangukie upande mmoja. Huo ndio upande wa ndani, unaoyakimbia maji. Nilizungusha, nikatoa kalamu, nikatazama. Manjano zilikuwa kila upande. Nyingine juu, nyingine chini, nyingine zimetokeza nje kabisa.

Nikakunjua, nikakunja upya. Zikatawanyika vilevile. Nikabadilisha kalamu, nikatumia nene. Nikabadilisha mkono. Siku iliyofuata nikaanza tena, na iliyofuata tena, na kila nilipoukunjua ule waya nilikwenda taratibu, kwa sababu waya ukikunjwa na kukunjuliwa sana hukatika, na shanga zote zingemwagika kwenye sakafu ya maabara yenye nyufa. Vidole vilinichubuka. Nilikuwa nikienda nyumbani nimenuna, baba yangu akirudi kutoka kazini Athi River ananiuliza shule ikoje, namjibu kama mtu aliyetukanwa. Ilipofika Alhamisi, siku mbili tu kabla ya shindano, nilipandwa na hasira nikamgeukia msomaji.

"Umesoma vibaya."

"Mimi? Mimi nimesoma vile imeandikwa. Si uangalie mikono yako kwanza."

"Mikono yangu iko sawa."

"Aki wewe. Kila mtu ako na makosa isipokuwa wewe."

"Kama ungekuwa unaangalia karatasi badala ya kuchekesha watu..."

"Tusome tena," rafiki yangu akasema. "Kutoka mwanzo. Wewe soma, na wewe ufuate na kidole."

Msomaji akaanza, kwa kiburi, akitamka kila rangi kama anayeiuza. Kidole changu kikafuata. Nyeupe, ndiyo. Manjano, ndiyo. Manjano, ndiyo. Nyekundu, ndiyo.

"Bluu," akasema.

Kidole changu kilikuwa kwenye nyeupe.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikaruka ile nyeupe, tukaendelea, na yote yakawa sawa mpaka tulipofika tena mahali ambapo nyekundu ilifuatwa na bluu. Hapo pia palikuwa na nyeupe katikati. Na pengine tena. Kila mahali ambapo rangi hizo mbili zilitakiwa kukaa pamoja, nyeupe moja ilikuwa imejipenyeza, wala hapakuwa hata mahali pamoja palipokosa. Kipande kimoja cha ziada kinavizungusha vyote vinavyokifuata, kwa hiyo si ajabu manjano zangu zilikuwa zikitangatanga. Mkasi wetu haukuwa na makali hata kidogo. Tulikuwa tumetengeneza mkufu.

Rafiki yangu alizigusa zile nyeupe kwa ncha ya kidole, moja moja.

"Sikuweka hizi," akasema.

Akageuza kiganja chake, akakitazama.

"Ni mkono," akasema tena, polepole. "Ni mkono imeweka."

Akatueleza. Kwa mama yake, na kwa nyanya yake kabla ya hapo, nyekundu na bluu hazikai ubavu kwa ubavu. Lazima kuwe na nyeupe ya kuzitenganisha, la sivyo kazi inaonekana imefanywa na mtu asiyefunzwa. Alijifunza hivyo kabla hajajua kusoma. Akikosea, mama yake alikuwa akikata uzi bila kusema neno, shanga zote zinamwagika, anaokota, anaanza upya. Baada ya miaka ya kuokota shanga mavumbini mkono haungoji tena kuambiwa. Msomaji alisema nyekundu, bluu. Sikio likasikia nyekundu, bluu. Mkono ukatia nyeupe.

Nilifoka. Sikumbuki yote niliyosema, ila nakumbuka kwamba msomaji alitazama pembeni. Rafiki yangu alingoja mpaka nikamaliza, kama kawaida, lakini safari hii hakuniuliza kama nimekula.

Mwalimu alipoletewa habari alikaa juu ya kistuli, akashika kichwa. Kisha akainuka. "Basi mtunge upya kesho baada ya masomo," akasema. "Mlinzi nitamwomba mimi asifunge mapema. Lakini mkono wangu haumo, mnajua sheria. Nikigusa hata shanga moja, mmetoka."

Ijumaa nilijitolea kutunga mimi. Baada ya muda mrefu nilikuwa na urefu wa kidole kimoja na hasira ya kutosha shule nzima. Msomaji alijaribu, akaangusha shanga nyingi kuliko alizotunga. Kwa mwendo wetu tungemaliza Jumatatu, watu wakiwa wamesharudi makwao na vikombe vyao. Hapakuwa na njia ila rafiki yangu.

Akachukua waya. Msomaji akaita nyekundu, akatia nyekundu. Akaita bluu. Nikaona mkono ukienda kwenye nyeupe, ukashtuka, ukarudi, ukachukua bluu. Akaitazama ile bluu ilivyokaa kando ya nyekundu, akafumba mdomo kwa nguvu. Mahali palipofuata, mkono ukatia nyeupe tena, akaitoa. Palipofuata tena, vivyo hivyo. Alikuwa akitoa jasho kwenye paji la uso, yeye ambaye sijawahi kumwona akitoa jasho hata kwenye mtihani wa hesabu.

"Inanikera macho," akasema. "Ni kama umevaa viatu kinyume, halafu unaambiwa utembee mbele ya watu." Akauweka waya mezani. "Na Mama atakuja kuona hii."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilichelewa kuelewa. Siku zote hizo nilikuwa nikiogopa maswali: kwamba mama yake atatukuta tukibabaika mbele ya majaji, aone hakuna cha maana, amchukue binti yake. Yeye hakuogopa maswali hata kidogo. Mama yake hangefuata neno moja la yale maswali. Angeziona shanga.

"Mama yako si jaji," nikamwambia.

"Kwangu ni yeye ndio jaji."

"Basi tufanye nini? Tupeleke ile nzuri, tushindwe?"

Nje mlinzi alianza kuchezea funguo zake, kwanza kwa mbali, halafu karibu. Mwishowe msomaji wetu, ambaye sikutarajia wazo kutoka kwake, alisema, "Funga macho."

"Ati?"

"Macho ndio inasumbuka. Funga. Mimi nasoma, huyu anakupea shanga moja moja kwa mkono. Wewe usichague. Wewe tunga tu."

Akafumba macho. Msomaji akaita, mimi nikachomoa shanga kwenye kopo na kuibonyeza kwenye kiganja chake, na waya ukapita. Tukaenda. Kila baada ya nyekundu vidole vyake vilisita hewani, vikingoja nyeupe, na mimi nikavishindilia bluu. Tulifanya kazi bila utani. Mlinzi alikuja akasimama mlangoni na makufuli yake, akatutazama, msichana aliyefumba macho akilishwa shanga kama mgonjwa, akaenda zake akarudi baadaye. Alipotia ya mwisho nilichukua waya mikononi mwake nikaanza kuzungusha kwenye kalamu, na roho yangu yote ilikuwa mikononi. Nikachomoa kalamu.

Manjano zilikuwa ndani. Zote, upande mmoja, zimejificha vilevile kama kwenye picha. Nilipiga kelele ambayo mlinzi aliikimbilia.

Rafiki yangu akafumbua macho. Alitazama kidogo tu, akageuza uso.

"Ni mbaya," akasema.

"Ni sawa."

"Najua ni sawa. Na ni mbaya."

Tulifika Kajiado asubuhi na gari la shule, sanduku la mkasi likiwa mapajani mwangu tangu Kitengela. Sikumruhusu mtu alishike. Ukumbi ulikuwa umejaa meza. Kulikuwa na maumbo ya povu makubwa kama matikiti, yenye rangi za kung'aa, na wanafunzi waliovaa makoti meupe ya maabara yaliyopigwa pasi. Yetu ilikuwa ndogo. Niliipanga juu ya kitambaa cheusi, nikaisogeza kushoto, nikaisogeza kulia, mpaka mwalimu akaniambia kwa upole niiache. Yeye akaenda kukaa na walimu wenzake, mbali, kama sheria ilivyotaka.

Wazazi waliruhusiwa kupita katikati ya meza kabla ya majaji kufika. Nilimwona mama yake kabla hajatuona. Alikuwa mrefu, shuka lake la bluu limefungwa begani, na shingoni kola moja juu ya nyingine. Sikuwa nimewahi kutazama kola hizo kwa makini. Nilizitazama siku hiyo, na kila nyekundu ilipokaribia bluu, nyeupe ilikuwa katikati yake, safi, bila kukosea.

Rafiki yangu aliinamisha kichwa, mama akamgusa utosini. Nami nikainamisha changu, na msomaji chake, tukaguswa wote. "Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai, nikaitikia "Iko" kama nilivyofunzwa, akatabasamu. Kisha akatazama mezani na tabasamu likaisha.

"Hii ni nini?"

"Ni ile kazi yetu, Mama," rafiki yangu akasema.

"Nani ametengeneza?"

"Ni mimi."

"Wewe." Akainama. "Na shanga yangu."

Akasema maneno mengi ya Kimaasai, kwa sauti ya chini, upesi upesi. Sikuyaelewa, ila aibu haihitaji mkalimani. Baadaye nilielezwa: alisema kwamba leo Kajiado kuna watu wa kwao, kwamba watapita hapa, waone, waseme huyu ndiye binti wa fulani, amepelekwa Kitengela kusoma na sasa hata kutunga hajui. Rafiki yangu alitazama chini. Mama akavuta kiti changu, akakaa, akauvuta mkasi mbele yake, na vidole vikaenda moja kwa moja mwisho wa waya, pale nilipoupinda kitanzi ili shanga zisitoke. Akaunyosha.

Alikuwa akiturekebishia. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo maana nilishindwa kusema neno, mimi ambaye sikosi neno. Shanga ya kwanza ikateleza kiganjani mwake. Ya pili. Ya tatu. Majaji walikuwa meza ya jirani, niliwasikia wakicheka na wanafunzi wa hapo.

"Mama, pole, hiyo tafadhali..." msomaji akaanza. Hakusikilizwa. Ya nne ikateleza. Ya tano.

Rafiki yangu akamshika mama yake kifundo cha mkono.

Hakumgusa tu. Alimshika, akakaza, mkono ukasimama. Mwanamke aliyekuwa akipita alisimama pia. Kwao, na hata kwetu, mtoto hamkamati mama yake mkono mbele ya watu kana kwamba anamkamata mwizi. Mama aliutazama ule mkono uliomshika, kisha akamtazama binti yake, na mimi nikajisemea kimoyomoyo kwamba basi, ameenda, leo hii anaondoka naye.

Rafiki yangu alianza kwa Kimaasai, akakwama, akahamia Kiswahili. Maneno ya kazi hiyo hakuwa nayo kwa lugha ya nyumbani. Hakuna aliyewahi kumpa.

"Mama, hii si ya kuvaa. Hii ni kitu iko ndani, ndogo sana, hakuna mtu anaweza kuiona na macho. Rangi yake si ya kupendeza. Kila rangi iko na kazi. Ukiweka nyeupe hapa, zingine zote zinageuka, inakataa kukata. Inakufa."

"Nani alisema nyekundu ikae na bluu?"

"Hakuna mtu alisema. Tumeikuta hivyo."

"Wewe ulijua ni mbaya?"

"Nilijua. Nilifunga macho ndio niweze."

Mkono wa mama ulikuwa bado umeshikwa, na hakuuvuta. Alifungua kile kiganja kingine akazitazama zile shanga tano. Majaji waliaga meza ya jirani. Niliona kalamu ikiandika alama zao, nikaona miguu ikigeuka kutuelekea, kisha mmoja wao akasimamishwa na mtu, wakaongea.

"Zilikuwa zimekaa aje?" mama akauliza.

Msomaji alinyakua karatasi. "Manjano," akasema.

Mama akatia manjano. Alitunga kama binti yake, bila kutafuta tundu.

"Nyekundu."

Akatia nyekundu. Kisha vidole vikaenda vyenyewe kwenye ile nyeupe iliyokuwa kiganjani.

"Hapana, Mama," rafiki yangu akasema. "Bluu."

Vidole vikasita. Nilimwona akiminya midomo vilevile kama binti yake alivyominya Ijumaa, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi walivyofanana. Akachukua bluu. Akaitia. Akatia bluu ya pili, na ile nyeupe mwishoni, mahali pake. Mimi nikachukua koleo nikapinda kitanzi, kisha nikakipinda tena kisije kikafunguka.

Majaji walipofika mama alikuwa ameinuka na kusimama nyuma yetu. Waliniuliza mkasi unajuaje mahali pa kukata. Nilijibu haraka mno, nikaambiwa nirudie. Walimuuliza msomaji kuhusu manjano. Jaji mmoja akaelekeza kalamu mahali ambapo nyekundu na bluu zimegusana, akamuuliza rafiki yangu kuna nini hapo.

"Moja iko na chaji hasi, nyingine chanya," akasema. "Zinavutana. Zinasaidia kushikilia umbo."

Jaji akaandika, akashukuru, wakaenda.

Tulikuwa wa pili. Anayeendelea hatua inayofuata ni wa kwanza tu. Walioshinda walikuwa na tikiti la povu, na walistahili, nasema sasa. Siku hiyo niliurudisha mkasi sandukuni, nikaenda nao nyuma ya vyoo nikalia kwa hasira, nikapiga ukuta teke, nikaumia kidole. Nililia kwa ajili ya mkasi na vidole vyangu vilivyochubuka. Zaidi ya hayo nililia kwa sababu nilijua mama anangoja, na kwamba sasa hatuna kikombe cha kumwonyesha.

Niliporudi, alikuwa amesimama na mwalimu mlangoni. Kwapani alikuwa na mfuko mkubwa wa mistari, ule wa kubebea nguo, mtupu, umekunjwa vizuri. Mfuko huo alikuwa ameuleta tangu Bisil. Rafiki yangu alikuwa ameuona kabla yangu. Uso wake ulikuwa umetulia, kwa namna ya mtu aliyekwisha kukubali.

Mama akaukunjua ule mfuko, akaupiga vumbi, akaufungua mdomo. Kisha akaashiria sanduku lililokuwa mikononi mwangu.

"Weka hiyo."

Sikuelewa.

"Ng'ombe itauzwa," akamwambia binti yake. "Utalala hapo shule. Lakini baba yako atauliza ni nini imekula ng'ombe yake. Nitamwonyesha hii."

Sitadanganya, sekunde ya kwanza nilichoona ni mkasi wangu ukienda Bisil. Kisha mwalimu akanishika bega, nikauweka mfukoni taratibu, na rafiki yangu akanikumbatia kwa nguvu hata nikakohoa. Nilifurahi hivyo mara chache sana maishani mwangu.

Tulimsindikiza hadi barabarani. Karibu na lango walikuwa wameketi wanawake wa kwao, wametandaza shanga zao za kuuza, na walimwita. Wakamsalimu, wakauliza mfukoni kuna nini. Nilitaka kumwambia asiutoe mkasi, aseme ni nguo, aseme ni chochote. Akautoa. Mmoja akaupokea, akaugeuza mwangani, akawapa wengine, na kicheko kikaanza, kile cha wanawake wanaojua kazi, wakigusana mabega na kuelekezana nyekundu na bluu zilizokaa pamoja. Mmoja akauliza kitu. Rafiki yangu aliganda kando yangu.

Mama akajibu kwa maneno machache, bila kuinua sauti. Kicheko kikazidi, wengine wakamcheka wazi usoni. Alisimama akachekwa, mikono imetulia juu ya mfuko.

Rafiki yangu alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

Akashusha viganja.

"Wameuliza ni nani alitunga hii," akasema. "Amesema ni yeye."